Daftari la Miraba

Usiku huu kiyoyozi kimepumzishwa.
Desemba ya Mabela ndiyo hii: dirisha wazi,
magari yanapiga honi mbele ya duka la chai ya karaki,
na sisi juu ya zulia la mama, rimoti miguuni,
tunauhukumu mwaka.

Mimi ndiye karani. Daftari ni lile lile la miraba:
mbele hesabu za darasa la nane na wino mwekundu wa aibu;
ukiligeuza, nyuma, gemu bora za miaka sita
kwa mwandiko unaobalehe ukurasa hadi ukurasa.
Sharti letu moja: usisifu usichokimaliza.
Haitham anakohoa.

Yarub anaanza. Anaitaka Ngome ya Chumvi.
Anasimama kama wakili wa kulipwa:
magharibi ikiingia mle, anasema,
mwanga unalala ukutani, waweza kuhesabu mawe.
Umehesabu?
Mia mbili na kumi na nne.
Tukatazama zulia. Twaujua mwezi huo,
barua za kuomba kazi zilikwenda zisirudi,
mtu akabaki kuhesabu mawe.
Nikaandika nane, mkono ukitaka tisa.

Haitham yeye ni wa mizinga.
Gemu yake ilitikisa ukuta hadi jirani, Dadullah Mbaluchi,
akaja na ndara za chooni kutushtaki,
akaketi kidogo aone kelele ni za nini,
akaondoka kwa adhana ya alfajiri
akiwa wa pili kwenye orodha ya washindi.
Hiyo nayo ni hoja. Nane.

Thuwaiba katoka zamu ya wodi, bado ananukia dawa.
Kura yake ni Posta ya Mwezini:
unabeba barua, unabisha hodi, unapewa supu.
Hakuna adui?
Hakuna.
Hakuna anayekufa?
"Wa kazini wananitosha."
Yakhe, nani atabishana? Tisa.

Lujaina, miaka tisa, ana mbuzi wake wa kwenye simu
anayeruka falaji. Matangazo mengi kuliko mbuzi,
lakini kura ni kura. Nikamwandikia sita,
akanuna, nikaongeza nusu.

Ikabaki ya Mundhir.
Yuko Marmul, visimani, kwenye mafuta na vumbi,
na mtandao wa huko una choyo:
sauti yake ikafika vipande vipande
kama mkate uliokaliwa garini.
"Mimi... ile... ya daraja."

Ya daraja! Ile hatujaimaliza.
Ile ya watu wawili: huyu avute mnyororo wa kulia,
yule wa kushoto, kwa pumzi moja,
la sivyo daraja halishuki.
Mimi na yeye. Tulifika pale mwezi wa Machi,
usiku, tukasema kesho,
na tangu hapo likizo zake zimekuwa
za arusi, za misiba, za usingizi.

Haitham kapata yake leo: Sharti, karani! Sharti!

Nikawasha mashine, nijitetee kwa ushahidi.
Wakatokea: watu wawili wadogo ukingoni,
kila mmoja na mnyororo wake, wakipumua.
Wangu hujikuna shingo kila baada ya muda.
Wake anaitazama ng'ambo.
Miezi tisa mvua ya mle inawanyeshea,
na hakuna aliyewaambia wakae chini.

Lujaina akanyoosha mkono kwenye rimoti ya pili.
"Usiguse!" Sote. Hata Haitham.

Nikaandika jina la gemu. Kwenye mraba wa alama
kalamu ikasimama, ikaacha nukta,
nukta ikatanuka.
Nje mtu akapiga honi kuita chai yake.
Haitham akauliza nani kazimaliza chipsi.